Mipako ya Bodi za Saketi na Maradhi Yake: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya moja tu kwamba shaba ya bodi ya saketi haiachwi wazi. Kabla bodi haijatoka kiwandani, pedi zote ambazo vipuri vitalehemiwa juu yake hufunikwa kwa mpako mwembamba, ama wa bati, ama wa fedha, ama wa nikeli yenye dhahabu juu yake, ama wa kemikali ya kikaboni isiyo metali kabisa, kwa sababu shaba tupu hupata oksidi upesi na kukataa kushika lehemu. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe, na takriban zote zinaulizia jambo lile lile kwa namna tofauti: mbona mpako uliowekwa ili kuilinda bodi ndio unaoiua? Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Weusi unaotambaa

*Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa vifaa vya umeme upande wa Naivasha. Hupokea vidhibiti vya pampu na inveta kutoka mashamba yaliyo karibu na visima vya mvuke vya Olkaria. Bodi ambazo pedi zake zilikuwa nyeupe zinazong'aa hunirudia zikiwa na weusi uliotoka kwenye matundu ukatambaa juu ya rangi ya kijani, na mara nyingine mwaka haujaisha. Kidhibiti cha aina hiyo hiyo kilichofungwa Nakuru mjini hakina tatizo. Je, ni unyevu? Na nikiosha weusi huo kwa spiriti, bodi itapona?*

Unyevu unachangia, lakini mshitakiwa mkuu ni salfa. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981, hutoka pamoja na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai yaliyooza. Pua ya binadamu huinasa gesi hiyo hata inapokuwa sehemu chache tu katika kila sehemu bilioni za hewa, na kiwango cha namna hiyo ndicho ambacho wataalamu wa kutu huanza kukiona kuwa cha hatari kwa vifaa vya elektroniki. Kwa hiyo ikiwa harufu inasikika ndani ya chumba cha pampu, tayari unayo dalili ya kutosha.

Kutokana na maelezo yako, pedi hizo nyeupe yaelekea zilipakwa fedha kwa njia ya kuzamishwa. Mpako wa namna hiyo una unene wa kati ya mikrometa 0.1 na 0.4 hivi, na mikrometa moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Mpako mwembamba kiasi hicho hauwezi kukosa vinyweleo, na pale unapokutana na ukingo wa rangi ya kijani mara nyingi hubaki ufa mdogo ambamo shaba iko wazi. Fedha na shaba zikiwa pamoja chini ya utando wa unyevu, shaba ndiyo inayoliwa, tena kwa kasi kuliko ambavyo ingeliwa ikiwa peke yake. Zao lake ni salfaidi ya shaba, ambayo ni nyeusi na ina tabia mbaya ya kutotulia pale ilipozaliwa: hutambaa juu ya rangi ya kijani hadi ifike pedi ya jirani, na haihitaji hata umeme wa kuisukuma. Ikiwa kavu na nyembamba, hupitisha umeme kidogo sana. Hewa ikiwa na unyevu, hupitisha zaidi. Ndiyo maana vidhibiti vya aina hii huweza kugoma alfajiri na kufanya kazi vizuri mchana, kisha fundi anaitwa mwongo.

Tatizo hili lilijitokeza kwa wingi baada ya tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipoanza kutekeleza sheria inayozuia metali ya risasi katika vifaa vya umeme isizidi asilimia 0.1. Viwanda vingi viliacha mpako wa zamani wa lehemu yenye risasi na baadhi vikahamia kwenye fedha, ambayo ni rahisi, ni tambarare na hulehemika vizuri. Haikuchukua muda bodi zikaanza kufa katika viwanda vya mpira, vya karatasi na katika mitambo ya maji taka. Zilikufa pia mahali ambapo hakuna mtu angepashuku: katika studio ambamo wabunifu wa magari huchonga mifano kwa udongo maalumu wenye salfa, ambao hupashwa moto ili ulainike, na kompyuta zilizokuwa chumba kimoja nao zikazimika moja baada ya nyingine.

Kuhusu kuosha, spiriti haiyeyushi salfaidi ya shaba. Ukisugua kwa brashi utapunguza weusi na pengine kuondoa shoti iliyoko kati ya pedi mbili, lakini shaba iliyoliwa ndani ya matundu hairudi, kwa hiyo pima kila tundu kwa mita kutoka upande mmoja wa bodi hadi wa pili. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalitazami, nalo ni rezista ndogo za kubandikwa. Chini ya ukingo wa rezista hizo kuna tabaka la fedha. Salfa hupenya hapo, fedha inageuka salfaidi ya fedha, na njia ya umeme inakatika huku rezista yenyewe ikionekana safi kabisa kwa macho. Chukua rezista iliyoandikwa 103, ambayo thamani yake ni omu 10,000. Ikipimwa ikiwa bado bodini inaweza kusoma chini ya hapo, kwa sababu umeme wa mita hupata njia nyingine za kupita. Lakini namba ikishatulia na bado iko juu mno ya 10,000, hakuna njia nyingine yoyote inayoweza kusababisha hilo, rezista hiyo imekufa.

Kwa kuzuia, anza na hewa kabla ya bodi. Kabati lisilovuta hewa ya nje kwa feni, au linalovuta kupitia kichujio cha mkaa ulioamilishwa, lina faida kuliko vanishi yoyote. Ukipaka vanishi, epuka ya silikoni kwa mazingira haya, kwa kuwa gesi zenye salfa huipenya. Ya akriliki au ya poliurethani huziba vizuri zaidi, ingawa nazo hazizibi kabisa. Na ukiwa na sauti katika ununuzi, omba bodi zilizopakwa lehemu kwa hewa ya moto badala ya fedha. Kama unataka kipimo cha bei nafuu, sugua kipande cha shaba na kipande cha fedha mpaka ving'ae, uvitundike katika chumba kwa mwezi mmoja. Vyumba vya kompyuta hufanya hivyo hivyo kwa kufuata kiwango cha ISA-71.04, ambapo hewa huhesabiwa kuwa tulivu ikiwa kutu ya shaba haijafika angstromu 300 kwa mwezi na ya fedha haijafika 200. Angstromu 200 ni mikrometa 0.02 tu, kiasi ambacho wewe hutaweza kukipima kwa macho, lakini vipande vyako vikiwa vyeusi baada ya wiki nne utajua umevuka mbali.

Vinywele juu ya rilei

*Mimi ni fundi wa mashine za hospitali, Mwanza. Nilifungua kifaa cha zamani kidogo, na juu ya kasha la rilei nikaona kwa lenzi vinywele vinavyong'aa, vimesimama wima. Nilidhani ni vumbi nikavipuliza. Mwenzangu anasema hayo ni maradhi ya bati, na kwamba risasi iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikiyazuia. Ni kweli?*

Mwenzako anasema kweli, na tafadhali usivipulize tena, maana kila kimoja ni waya wa metali ambao sasa umetua mahali usipopajua ndani ya kifaa hicho hicho.

Hizo ni sharubu za bati. Zina kipenyo cha mikrometa 1 hadi 5 kwa kawaida, na nyingi hazifiki urefu wa milimita 1, ingawa zimewahi kuonekana zenye milimita 10. Linganisha na nafasi kati ya miguu ya chipu za leo, ambayo mara nyingi ni chini ya nusu milimita. Chanzo chake ni shinikizo lililofungiwa ndani ya tabaka la bati. Juu ya shaba, kwa mfano, shaba hupenya taratibu ndani ya bati na kutengeneza nayo mchanganyiko mpya wa metali mbili unaohitaji nafasi. Bati linabanwa, na kwa kuwa halina pa kwenda, husukuma fuwele nje kupitia juu, ikikua kutoka kwenye shina lake. Haihitaji unyevu, haihitaji umeme, na muda wake hautabiriki: siku chache, au miaka mingi.

Jambo hili lilionekana kwanza katika miaka ya 1940, kwenye kapasita za redio zilizopakwa kadimiamu, kisha kwenye bati, na watafiti wa maabara ya Bell Labs nchini Marekani wakabaini katika miaka ya 1950 kwamba kuchanganya risasi kidogo katika bati hudhoofisha sharubu kiasi cha kutoogopwa. Hivyo tatizo likalala kwa karibu nusu karne kwa sababu lehemu na mipako yote ilikuwa na risasi. Lakini si kila mahali. Tarehe 19 Mei 1998 satelaiti ya mawasiliano ya Galaxy IV ilipoteza kompyuta yake ya kudhibiti mwelekeo, na sehemu kubwa ya peja za Marekani, vile vifaa vidogo vya mfukoni vya kupokea ujumbe, zikanyamaza kwa siku hiyo. Sababu iliyotajwa ni sharubu za bati. Aprili 2005 kinu cha nyuklia cha Millstone, katika jimbo la Connecticut, kilizimika baada ya sharubu moja kufanya shoti kwenye kadi ya saketi ya mfumo wa usalama. Vifaa vyote hivi viliundwa kabla ya sheria ya Ulaya ya 2006, kwa hiyo anayedhani kwamba sharubu zililetwa na sheria hiyo anakosea. Kilicholetwa na sheria ni bati safi kuwa jambo la kawaida mahali pote.

Vifaa vya tiba vilipewa muda, na viliingia chini ya sheria hiyo tarehe 22 Julai 2014. Kwa hiyo tarehe ya kutengenezwa kwa mashine yako ni habari muhimu, ingawa haitoshi, kwa kuwa vipuri vya bati safi vilikuwa vikinunuliwa na kuchanganywa na vya zamani muda mrefu kabla ya hapo.

Kinachowachanganya mafundi ni kwamba sharubu moja huweza kujiangamiza yenyewe. Katika hewa ya kawaida, mkondo wa makumi kadhaa ya miliampia hutosha kuiyeyusha, na unapofungua kifaa hukuti kitu. Hati ya matengenezo inaandikwa kwamba kosa halikuonekana. Kwenye saketi za ishara zenye mkondo mdogo, sharubu hukaa na kuendelea kupotosha vipimo. Katika ombwe la angani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu metali iliyoyeyuka huwa mvuke unaoweza kubeba mamia ya ampia, na hapo fyuzi ndiyo inayokwenda.

Viwanda hupunguza hatari kwa kuweka nikeli kati ya shaba na bati, kwa kutumia bati lisilong'aa badala ya linalong'aa, au kwa kulipasha nyuzi 150 za Selsiasi kwa saa moja mara baada ya kupaka. Kwa vyombo vya angani, kanuni ya Marekani hudai bati liwe na angalau asilimia 3 ya risasi. Wewe huna uwezo wa kufanya mengi kati ya hayo, lakini unaweza kufanya haya: piga picha kabla ya kugusa, nyonya kwa kivuta vumbi chenye ncha ndogo badala ya kupuliza, badilisha rilei yenyewe kwa kuwa mpako ulioanza kuota utaendelea kuota, na paka vanishi sehemu za jirani zenye miguu iliyokaribiana. Sharubu inaweza kutoboa vanishi ikitoka ndani, ila ikishatoka hujipinda na kushindwa kutoboa tabaka la pili ikiwa nje. Wala usidhani kwamba kulehemu kipuri kipya kwa lehemu yenye risasi kunamaliza kazi, kwa sababu lehemu hufunika ncha ya mguu tu na sehemu ya juu hubaki bati safi kama ilivyotoka kiwandani.

Dhahabu isiyoshika

*Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam. Bodi za mradi wangu niliziagiza China, nikalipa zaidi ili ziwe na mpako wa dhahabu kwa kuwa dhahabu haishiki kutu. Bodi moja ilianguka kutoka mezani, chipu kubwa ikabanduka nzima. Pedi zilizobaki zilikuwa za kijivu kilichokoza, hazina lehemu. Nimeibiwa?*

Pengine hapana, lakini umelipia kitu ambacho hukukielewa. Dhahabu ya mpako huo ina unene wa mikrometa 0.05 hadi 0.1, na inapokutana na lehemu iliyoyeyuka humezwa mara moja. Kiungo chako hakishiki dhahabu; kinashika nikeli iliyoko chini yake, ambayo ina mikrometa 3 hadi 6 na fosforasi kiasi. Kazi ya dhahabu ni kuilinda nikeli hiyo isipate oksidi mpaka siku ya kulehemu, basi.

Tatizo liko katika namna dhahabu inavyowekwa. Ndani ya beseni la kemikali, dhahabu hutua kwa kuchukua nafasi ya nikeli inayoyeyuka. Beseni likiwa kali mno, au bodi ikikaa humo muda mrefu, au nikeli ikiwa imewekwa vibaya tangu mwanzo, nikeli huliwa kupita kiasi na kuacha uso mweusi wenye fosforasi nyingi, uliojaa mipasuko kama tope la bwawa lililokauka. Juu yake dhahabu inang'aa vilevile. Lehemu itashika kwa kuonekana, kipimo cha umeme kitapita, picha ya eksirei itaonyesha vidonge vya lehemu vizima, na kiungo kitasubiri mshtuko wa kwanza. Hapo ndipo wanaotaka dhahabu nene zaidi wanapojidanganya, kwa sababu katika njia hii ya kuzamisha, unene zaidi maana yake ni muda zaidi wa kuila nikeli. Kiwango cha IPC-4552, kinachohusu mpako huu, cha mwaka 2002 kiliweka kima cha chini cha dhahabu. Toleo la 2017 liliongeza kima cha juu na utaratibu wa kukagua kutu ya nikeli.

Hata hivyo, rangi ya kijivu peke yake haithibitishi ugonjwa huu, kwani hata kiungo kizuri cha nikeli na bati ni kigumu kisichopindika na huweza kukatika kwa mshtuko mkubwa. Uthibitisho hupatikana kwa kukata kiungo na kukitazama kwa hadubini. Kwa maoni yangu, mradi wa shule wenye vipuri vya kawaida hauhitaji dhahabu. Mpako wa lehemu isiyo na risasi uliopulizwa kwa hewa ya moto unatosha, na uso wake usio tambarare huanza kusumbua pale tu unapotumia chipu zenye pedi ndogo zilizobanana sana. Ukihitaji dhahabu, muulize muuzaji unene wa nikeli na wa dhahabu, na kama anakagua kwa kufuata IPC-4552.

Raba na meno ya kadi

*Kila fundi wa kompyuta hapa Bujumbura husugua meno ya kadi ya memori kwa raba ya kufutia. Kuna madhara?*

Yapo, ingawa kompyuta huwaka, na hiyo ndiyo sababu desturi haifi. Meno ya kadi nzuri yana dhahabu ngumu isiyofika mikrometa 1, na kila unaposugua unaondoa sehemu yake; kadi za bei rahisi zina dhahabu nyembamba mno inayoweza kuisha kwa kusuguliwa mara chache. Nikeli ikitokeza, hupata oksidi na tatizo hurudi likiwa la kudumu. Mara nyingi kilichoponya ni kuichomoa na kuichomeka kadi tu. Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti safi.

Chumvi ya bahari

*Nipo Unguja, natengeneza amplifaya na vipokeaji vya satelaiti. Kati ya miguu ya chipu huona vijitawi vya metali. Naosha bodi kwa petroli, lakini baada ya wiki chache vinarudi. Nifanyeje?*

Vijitawi hivyo huota panapokuwa na vitu vitatu pamoja: unyevu, tofauti ya volteji, na chumvi. Metali huyeyuka upande wa chanya, husafiri ndani ya utando wa maji, na kujijenga upande wa hasi. Fedha husafiri upesi kuliko zote, lakini bati na shaba pia husafiri. Unyevu wa Unguja huwezi kuuondoa na volteji ndiyo kazi ya kifaa, kwa hiyo cha kuondoa ni chumvi, na chumvi haitoki baharini tu. Jasho la vidole na mabaki ya flaksi, kemikali inayosaidia lehemu kushika, baada ya kulehemu hutosha.

Petroli huondoa mafuta, lakini haiyeyushi chumvi hata chembe, achilia mbali hatari ya moto. Chumvi huyeyushwa na maji. Toa betri, spika, transfoma na rilei zisizofungwa, kisha osha bodi kwa brashi laini na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri za gari; soma lebo, usije ukachukua asidi yake. Suuza mara ya pili kwa maji mapya, fuatisha kwa spiriti safi inayosukuma maji nje ya sehemu za chini ya chipu, halafu kausha kwa saa kadhaa katika joto la nyuzi 50 hadi 60. Vanishi ipakwe baada ya hapo, kwa mikono yenye glavu, kwani chumvi iliyofungiwa chini ya vanishi huvuta unyevu polepole na vijitawi huota humo humo, safari hii mahali ambapo brashi yako haifiki.